Mtoto wa Meza

Meza yenyewe sijui ilikwenda wapi.
Mtoto wake nilimkuta kando ya pipa, Burngreave,
kalala kifudifudi, mvua ya Februari
ikimpiga mgongoni kama mtu anayedaiwa.
Ubao mzito, wa zamani; bungua
wameonja pembe moja, wakaghairi.
Bwana Ollerenshaw akatoka na ndala zake,
akaniona nimemkumbatia. Akasema: mchukue,
alikuwa akilea vijiko vya mama.
Nikapanda naye. Sheffield ni vilima,
na kila kilima humwuliza mbebaji: hicho nacho cha nini?

Cha gitaa, nikajibu kimoyomoyo.

Kazi yangu ni meno. Kutwa nachonga magego
ya watu ambao sitawaona wakicheka,
natia doa la chai panapostahili doa,
kwani jino jeupe mno hushuhudia uongo.
Ndiyo maana mkono hautetemeki
nikishika chuma cha kulehemu hapa jikoni,
moshi mwembamba ukipanda
na harufu yake ya ubani wa bei ya chini.
Waya huu kwa ule. Tone. Puliza. Subiri.
Lakini useremala haunijui:
nilipima mara tatu, nikakata,
na bado mguu mmoja ukatoka mfupi.
Nimeuwekea kisigino cha kiatu cha Sikudhani,
cha zamani, alichokivalia shule akakimaliza upande.

Pedali ni saba, hakuna mbili za ukoo mmoja.
Ya mkwaruzo imebanduka rangi, jina limebaki nusu.
Ya mwangwi niliinunua kwa kijana wa Rotherham
aliyeuza kila kitu baada ya kuzaliwa mapacha;
alinikabidhi huku akiiangalia.
Nimezibandika kwa utepe wa makucha,
ule wa viatu vya watoto wasiojua kufunga kamba,
na kuzipanga ni kama kupanga jamaa kwenye arusi.
Kipima-sauti mbele, maana hana mzaha.
Mkwaruzo ukitangulia, mwangwi husimulia ugomvi;
mwangwi ukitangulia, ugomvi humla msimulizi.
Nimejaribu zote mbili. Nimekesha.

Alhamisi nikachomeka kila kitu, nikawasha.

Mvumo.

Si wa nyuki, si wa friji.
Ule wa mtu aliyeko chumba cha pili
asiyetaka kusema kilichomuudhi.
Nikang'oa waya mmoja, ukavuma.
Nikang'oa wa pili, wa tatu,
nikashuku lehemu yangu mwenyewe,
nikaweka ulimi kwenye betri, ikaniuma, nzima.
Saa saba usiku nikaanza kuwaomba radhi
wote niliopata kuwaudhi, kwa majina.

Sikudhani akashuka ngazi na blanketi lake.
Akasimama. Akasikiliza, kichwa upande.
Mama, akasema, si hiyo taa?
Taa ya juu ya jiko, ya swichi ya kuzungusha,
ninayoipunguza usiku ili kuokoa senti.
Akaizima.

Sijawahi kusikia nyumba ikinyamaza hivyo.
Gizani vikabaki vijitaa saba ndani ya mtoto wa meza,
vyekundu vinne, viwili vya buluu, kimoja cha kijani,
na nyayo zetu mbili tupu kwenye vigae vya baridi.
Nikapiga uzi mmoja tu, wa tatu.
Mwangwi ukaurudisha, ukaurudisha,
Sikudhani akihesabu kwa vidole,
na alipofika tisa akasema bado yupo.

Jumamosi tulipiga ukumbi wa Pitsmoor, watu ishirini na wawili,
ukiwatoa waliofuata joto, kumi na saba.
Bwana Ollerenshaw alikaa mbele, koti hakulivua.
Hakuniangalia mimi. Aliangalia miguu yangu.
Tulipomaliza akainama polepole, goti likamlia,
akagusa ukingo karibu na pedali ya mwangwi:
hapa, akasema, palikuwa pa visu.
Sisi watoto hatukuruhusiwa.
Kisha akaikanyaga kwa kidole gumba cha mkono,
ka, ikawaka; ka, ikazima,
akaiwasha tena.